Mtu Asihukumiwe kwa Asilofundishwa

Maandishi ya mazungumzo kuhusu namna watoto na watu wazima wanavyojifunza na kudhihirisha akili zao, kwa mifano ya Ndanda, Masasi na Newala

Maandishi yafuatayo yanachapishwa kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wananchi wote. Masheha, Walimu Wakuu na Wakuu wa Idara wanaombwa wayasome kwa sauti mbele ya wale ambao hawawezi kujisomea wenyewe.



Katika afisi nyingi za umma hutokea jambo ambalo watumishi wamelizoea hata hawalitazami tena. Mtu mzima hufika mbele ya meza, hupewa fomu, huigeuza mara mbili, kisha husema kwamba miwani yake ameisahau nyumbani. Karani aliyechoka huiona hali hiyo kuwa ni usumbufu. Na katika skuli nyingi yupo mtoto akaaye nyuma ya darasa, ambaye mwalimu ameacha kumwuliza suali tangu muhula wa kwanza. Watu hawa wawili, mmoja mwenye mvi na mwingine ambaye bado ana meno ya utotoni, hupewa jina moja: mjinga.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba mara nyingi jina hilo hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Ndanda, Masasi na Newala, Kusini mwa Tanzania Bara. Sehemu hizo zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya elimu yake ilifungamana na Unguja tangu karne ya 19. Pili, katika eneo hilo moja huonekana kwa pamoja aina nyingi za kujifunza: jando na unyago, skuli za misheni, ufundi wa kuchonga, kilimo cha korosho na kisomo cha watu wazima.

1. MAANA YA MANENO

Lugha ya Kiswahili ina utajiri katika jambo hili. Akili si elimu, wala elimu si maarifa. Ujuzi ni wa mkono na jicho, busara ni ya kujua la kusema na la kunyamazia, na hekima huja na umri. Aidha, wazee walitofautisha baina ya ujinga na upumbavu. Mpumbavu ni yule aliyeelezwa akakataa kuzingatia. Mjinga ni yule ambaye hajaelezwa. Ndiyo maana husemwa kwamba mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Methali hiyo inakubali kwamba ujinga ni hali ya kupita, na kwamba wako watu ambao faida yao hutegemea hali hiyo isipite.

Kwa hiyo suali linalopaswa kuulizwa juu ya mtu yeyote, mdogo au mkubwa, si moja bali ni matatu. Je, amefundishwa? Je, amefundishwa kwa njia anayoweza kuifuata? Na je, amepewa nafasi ya kuonyesha alichojifunza? Asiyeuliza masuali hayo matatu hana haki ya kutoa hukumu.

2. UNGUJA NA MASASI

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA), ambaye ni miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, aliongoza msafara wa watu walioachiwa huru kutoka utumwani, wakaondoka Unguja na kwenda kukaa Masasi. Kwa miaka mingi iliyofuata vijana wa Kusini waliletwa kusoma katika chuo cha Kiungani, hapa Unguja, na kurudi kwao wakiwa walimu.

Miongoni mwa waliosoma Kiungani alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyetiwa utumwani akiwa mtoto. Mwaka 1890 alipewa daraja ya upadri, akawa Mwafrika wa kwanza kuifikia katika misheni hiyo, na akahudumu Chitangali, upande wa Ruvuma. Katika soko la watumwa mtoto kama huyo alikadiriwa kwa umri wake, meno yake na nguvu za mikono yake. Kilichokuwemo kichwani mwake hakikuonekana na mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi hakuwa na haja ya kukitafuta. Hapana sababu ya kudhani kwamba Majaliwa alikuwa peke yake mwenye akili katika jahazi lililomchukua. Wengine hawakupata Kiungani yao.

3. MTOTO HUJIFUNZA ANACHOFUNZWA

Watu wengi hudhani kwamba mtoto hukua kama mnazi: hupandwa, humwagiwa maji, na kila kitu hutokea kwa wakati wake. Uchunguzi wa Afrika ya Mashariki umeonyesha vingine. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kimarekani, Charles Super, alichunguza watoto wachanga wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya. Watoto hao waliwahi kukaa na kutembea kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwahi kutambaa. Sababu ilikuwa bayana. Akina mama wa Kokwet walikuwa wakiwafundisha watoto wao kukaa na kutembea kwa makusudi. Hata walikuwa wakichimba kishimo kidogo ardhini ili mtoto akae humo bila ya kuanguka. Kutambaa hawakukufundisha. Kwa hiyo hata jambo linalodhaniwa kuwa ni la maumbile matupu huharakishwa na mkono wa mlezi.

Ndivyo ilivyo kwa elimu ya kikabila ya Kusini. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, jando la wavulana na unyago wa wasichana zilikuwa ndizo skuli kabla ya skuli. Wari hutengwa kwa muda, hukabidhiwa kwa makungwi, na hufundishwa kwa nyimbo, mafumbo na vitendo. Kungwi hahitaji karatasi ili ajue kama mwari ameelewa: humtaka afumbue fumbo la wimbo, au aitende kazi aliyoonyeshwa mbele ya watu. Elimu hiyo ina kipimo, ina mwalimu, na ina siku ya kuhitimu ambayo jamii nzima huishuhudia. Ndiyo maana Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, hakuona busara kulipiga marufuku jando. Aliliacha liendelee chini ya uangalizi wa Kanisa, yale yasiyofaa yakaondolewa.

Haimaanishi kwamba kila lifundishwalo humo linafaa kufuatwa. Tohara isiyofanywa kwa usafi huhatarisha maisha, na msichana atokaye unyago akiwa bado ni mtoto asihesabiwe kuwa ameiva kwa ndoa. Aidha, siku za skuli zisitolewe kwa ajili ya sherehe. Linalosisitizwa hapa ni namna ya kufundisha: mwari hufundishwa jambo lenye maana kwake, na watu anaowaheshimu, na hutarajiwa kufaulu. Hapana kungwi anayeanza kazi kwa kuamini kwamba nusu ya wari wake watashindwa.

Hali kadhalika ufundi wa kuchonga mpingo, ambao umelipeleka jina la Wamakonde ulimwenguni kote. Kijana huanza kwa kukaa karibu na fundi, akitazama, akipiga msasa, akichonga vitu vidogo, hadi siku anapoachiwa gogo lake mwenyewe. Katika mtindo uitwao ujamaa, watu wengi huchongwa kutoka katika gogo moja, mmoja amembeba mwenziwe. Fundi hulitazama gogo akaona zilipo nyufa na mabaka yake, akaamua mapema kila mtu atakaa wapi. Kosa moja la patasi halirudishiki. Huko ni kufikiri kwa hali ya juu. Hata hivyo, yumkini fundi huyo akaletewa mtihani wa maneno kwenye karatasi, akaonekana hana akili.

4. KIPIMO NA KINACHOPIMWA

Hapa inafaa ieleweke vizuri mitihani ya akili ilikotoka. Mtihani wa kwanza wa namna hiyo ulitungwa Ufaransa mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon, kwa madhumuni ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada maalumu katika masomo. Binet mwenyewe, mwaka 1909, aliwapinga waliokuwa wakisema kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokatwa, kisichoweza kuongezwa. Wengi waliomfuata walikishika kipimo chake wakaliacha onyo lake.

Mwaka 1979 mtaalamu Robert Serpell alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya watoto wa Lusaka, Zambia, na watoto wa Manchester, Uingereza. Watoto walitakiwa waige maumbo waliyoonyeshwa. Walipopewa karatasi na kalamu, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Walipopewa waya, watoto wa Zambia walifanya vizuri zaidi, kwani huko watoto wamezoea kujitengenezea magari ya waya. Walipopewa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili ziliuzoea, hapakuwa na tofauti kubwa. Laiti mtihani ungekuwa wa karatasi peke yake, ingelitangazwa kwamba watoto wa Lusaka wana upungufu.

Uchunguzi mwingine ulifanyika Usenge, magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2001 na Robert Sternberg na wenzake. Watoto wa miaka 12 hadi 15 waliulizwa juu ya dawa za miti shamba: ipi hutibu nini, na hutumiwa kwa kiasi gani. Ilionekana kwamba waliozijua sana dawa hizo aghlabu ndio waliopata alama ndogo katika mitihani ya maneno ya skuli. Hii haina maana kwamba dawa za asili hupunguza akili. Maana yake ni kwamba muda wa mtoto ni mmoja, na familia humwelekeza kwenye ujuzi ambao yenyewe inauona kuwa utamfaa. Skuli huja ikapima upande mmoja tu wa mizani.

Karibu zaidi na visiwa hivi, matokeo ya uchunguzi uliofanywa na wataalamu hao katika skuli za jirani na Bagamoyo yalitolewa mwaka 2002. Watoto walipewa maswali ya kufikiri, kama vile kupanga kadi kwa sifa zake na kutambua kitu kilichofichwa kwa kuuliza masuali ishirini. Kisha walipewa mafunzo mafupi juu ya namna ya kuyaendea maswali hayo, na wakapimwa tena. Alama zao zilipanda. Zaidi ya hayo, alama za baada ya mafunzo ndizo zilizoonyesha vizuri zaidi uwezo wa mtoto katika mambo mengine, kuliko alama za mwanzo. Kwa lugha nyepesi, ukitaka kuijua akili ya mtoto usitazame anachokijua leo asubuhi. Mfundishe kidogo, kisha tazama amefika wapi jioni.

5. AKILI NA AFYA YA MWILI

Inafaa itajwe sababu nyingine ambayo huhesabiwa kuwa ni uvivu au uzito wa akili, nayo ni upungufu wa damu. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kisiwani Pemba juu ya watoto wadogo wasiofikia umri wa kwenda skuli. Wale waliopewa madini ya chuma waliendelea vizuri zaidi katika lugha na katika matumizi ya viungo vyao kuliko wenzao. Mtoto aliyechelewa kusema hakuwa na akili ndogo. Alikuwa na damu ndogo.

Hata hivyo, wazazi wanatahadharishwa wasinunue dawa za chuma na kuwapa watoto bila ya kumwona daktari. Uchunguzi mkubwa zaidi uliofanywa Pemba na kutolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba, mahali penye malaria nyingi, kumpa kila mtoto madini ya chuma bila ya kumpima kwaweza kuzidisha maradhi na hata vifo. Mtoto apelekwe kituo cha afya, apimwe damu na minyoo, na alale ndani ya chandarua. Mwalimu naye amtazamapo mtoto anayesinzia kila siku, asikimbilie bakora; aulize kwanza amekula nini.

6. MTU MZIMA NAYE HUJIFUNZA

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi ina ukweli wake, lakini imewafunga watu wengi. Hutumiwa na wazee kukataa darasa, na hutumiwa na maafisa kukataa kulifungua.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri katika nchi ya Masasi na Newala hadi juu ya nyanda za Makonde. Yeye alikuwa mtu wa wakati wake, mwenye dhana nyingi za wakati wake juu ya Waafrika. Lakini alifanya jambo moja la maana: aliwapa watu wazima karatasi na penseli, vitu ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvishika, akawataka wachore. Walichora watu, wanyama na mambo waliyoyaona katika maisha yao, na michoro yao ikachapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mikono iliyozoea jembe na upinde ilijifunza chombo kipya kwa muda wa siku chache, kwa sababu palikuwa na mtu aliyetaka kukiona walichokuwa nacho.

Miaka zaidi ya sitini baadaye jambo hilo lilifanywa kwa nchi nzima. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwishoni mwa mwaka huo zikateuliwa wilaya sita za mfano ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971, na Masasi ilikuwa miongoni mwake, pamoja na visiwa vya Mafia na Ukerewe. Madarasa yalifunguliwa penye kivuli chochote. Walimu wa skuli za msingi, na hata vijana waliomaliza darasa la saba, waliwafundisha wazee ambao wangeweza kuwa babu na bibi zao. Vitabu vya kusomea havikuandikwa kwa hadithi za kitoto. Viliandikwa kwa kufuata kazi za watu, kama vile pamba, migomba, ufugaji na uvuvi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, na matokeo yake yalionekana kwa vyoo vilivyochimbwa na maji yaliyochemshwa.

Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika katika Tanzania Bara walikadiriwa kuwa asilimia 67. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wamepungua hadi asilimia 39, na mwaka 1986 hesabu ya Serikali ilikuwa takriban asilimia 10. Lakini inafaa isemwe kweli: ushindi huo haukudumu wote. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika, miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi, walikuwa takriban asilimia 78. Madarasa yalifungwa, magazeti ya vijijini yakatoweka, na kisomo kisichotumiwa husahaulika kama njia isiyopitwa. Hayo nayo hayakuwa ni upungufu wa akili. Wazee walikuwa wameshathibitisha kwamba wanaweza.

Wakulima wa korosho ni ushahidi mwingine. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Kusini; kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga uliyaunguza maua. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walionyesha kwamba unga wa salfa huuzuia ugonjwa huo. Lakini dawa hiyo haikuwa na faida mpaka mkulima ajue wakati wa kuanza kuipuliza maua yanapochomoza, na ajue kuchagua alfajiri iliyotulia, majani yakiwa na umande. Wakulima wengi, wakiwemo wasiojua kusoma, walijifunza hayo kwa kuona, kwa kujaribu na kwa kulinganisha shamba na shamba. Katika msimu wa 2017/18 mavuno ya nchi yalizidi tani 300,000. Bei nzuri na miti mipya ilichangia, lakini bila ya watu wazima kujifunza kazi mpya mikorosho ile ya zamani isingelizaa.

Hata hivyo, mkulima huyo huyo huweza kupoteza jasho lake kwa kutojua kusoma. Wapo wafanyabiashara wanaonunua korosho kwa mtindo uitwao kangomba, yaani kwa vipimo visivyo halali na kwa bei ya kumkandamiza mwenye shida. Tangu mwaka 2007 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupewa karatasi yenye uzito wa mzigo wake. Asiyeweza kuisoma karatasi hiyo hana budi kumwamini aliyeiandika. Mambo hayo hayako mbali na visiwa hivi, penye mizani ya karafuu na ya mwani.

Wala sayansi haisemi kinyume. Uchunguzi wa madereva wa teksi wa London, uliotolewa mwaka 2000 na 2011, ulionyesha kwamba sehemu ya ubongo ihusikayo na kukumbuka mahali hukua kwa watu wazima wanaojifunza na kufaulu kukariri maelfu ya mitaa ya mji huo. Ubongo wa mtu mzima haukauki. Huacha kukua pale unapoachwa bila ya kazi.

7. MLANGO NA KILICHOMO NDANI

Ndanda iko katika Wilaya ya Masasi, chini ya ukingo wa nyanda za Makonde. Watawa wa Benediktini walihamia hapo mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji, na baadaye pakajengwa hospitali, skuli, karakana za ufundi na kiwanda cha kupiga chapa. Miongoni mwa waliosoma Ndanda ni Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Lupaso, akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia 1995 hadi 2005, na akafariki mwaka 2020. Katika enzi za ukoloni nafasi za kuendelea na masomo zilikuwa chache mno, na kila aliyepita aliwaacha nyuma wengi ambao hakuna aliyepata kujua wangekuwa nani.

Katika kipindi cha uongozi wake ada za skuli za msingi zilifutwa Tanzania Bara. Wanafunzi wa skuli za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Akili hazikuteremka ghafla katika miaka hiyo mitano. Kilichofunguliwa ni mlango. Zanzibar ililijua jambo hilo mapema, pale Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba, 1964.

Lakini mlango peke yake hautoshi. Tathmini za Uwezo zilizoanza kufanywa Bara mwaka 2010 zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao walikuwa ndani ya skuli, wamevaa sare, majina yao yamo daftarini. Kuhudhuria si kujifunza, na darasa la watoto mia moja huwaficha wajuao na wasiojua kwa pamoja.

8. YANAYOOMBWA KUTEKELEZWA

Kwa mnasaba wa maelezo haya, mambo yafuatayo yanasisitizwa.

(a) Wazazi na walezi wazungumze na watoto wao wangali wachanga, wawape kazi ndogo zenye maana, na wajibu masuali yao. Kuuliza si ujinga, na mtoto anyamazishwaye nyumbani hunyamaza pia skuli.

(b) Mwalimu asimwandike mtoto kuwa hawezi kabla ya kumfundisha tena kwa njia nyingine: kwa kitu cha kushika, kwa wimbo, kwa mchoro, au kwa kumkalisha na mwenziwe anayejua. Baada ya hapo ampime upya.

(c) Mtoto anayechelewa kusema, anayesinzia au asiyesikia vizuri apelekwe kituo cha afya kabla ya kupewa adhabu au jina.

(d) Watumishi wa afisi za umma wamsaidie kwa staha kila mwananchi asiyeweza kujaza fomu. Asomewe maneno yote kabla ya kuweka dole gumba, na asomewe mahali ambapo watu wengine hawatasikia. Afisa ajitambulishe, na amwite mzee kwa heshima anayostahiki.

(e) Masheha na viongozi wa vikundi vya wakulima, wavuvi na akina mama wa mwani washirikiane na maafisa wa elimu ili darasa la watu wazima lianzie kwenye kazi ya watu wenyewe: mizani, stakabadhi, daftari la akiba, kadi ya kliniki. Na aliyehitimu apatiwe kitu cha kusoma, asije akasahau.

(f) Vijana wenye ujuzi wa mikono waelekezwe kwenye mafunzo ya amali bila ya kuambiwa kwamba wamepelekwa huko kwa kuwa wameshindwa masomo. Huo nao ni mlango wa akili.

Ndugu Viongozi, Mabibi na Mabwana,

Yule mzee aliyeisahau miwani yake nyumbani huenda ndiye anayezijua nyota zote zinazomrudisha mvuvi pwani usiku, au ndiye aliyeulea mkarafuu ambao wataalamu walishaukatia tamaa. Anapoigeuza fomu mara mbili hafanyi usumbufu. Anaficha jambo ambalo aliambiwa kuwa ni aibu yake, ilhali lilikuwa ni deni la wengine kwake. Deni hilo bado linalipika, na malipo yake ya kwanza ni afisa kumvutia kiti, kumwomba akae, na kumsomea.